Pole na nini? Namna ya kusema maneno ya wema yakamfika mtu

Mlinzi aliyekesha getini ukimwambia "mambo", atajibu "poa" na macho yake yatabaki barabarani. Mwambie "pole na lindo" uone atakavyogeuka. Zote ni salamu, na zote hazigharimu kitu, ila ya kwanza ungeweza kumpa yeyote uliyekutana naye asubuhi hiyo. Ya pili inamwambia kwamba umeujua usiku wake.

Kiswahili hakijapungukiwa maneno ya wema. Pole, hongera, asante, karibu, samahani: mtoto wa chekechea anayajua yote. Shida ni kwamba yamesemwa mno yakachakaa, mpaka mtu anakwambia pole huku anaangalia simu, nawe unamjibu asante huku unatafuta funguo, na hakuna aliyesikia kilichosemwa. Mwongozo huu ni wa kuyarudishia uzito: neno gani liende na jambo gani, mtu aitweje, ajibiweje, na wapi neno zuri huharibika likawa karaha.

Pole: usiiache peke yake

Pole tupu ni nusu ya neno. Ikamilishe kwa kutaja jambo. Kwa kawaida "na" huunganishwa na kitu ambacho mtu yumo ndani yake au ndio kwanza ametoka: pole na kazi, pole na safari, pole na masomo, pole na foleni, pole na majukumu, pole na jua hili. "Kwa" huelekea zaidi kwenye jambo lililompata: pole kwa kufiwa, pole kwa kuibiwa, pole kwa ajali. Mpaka kati ya hizi mbili si ukuta. Wengi husema "pole kwa safari" na hakuna atakayenuna. Atakayenuna kimoyomoyo ni yule aliyesafiri kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye basi, akafika, akapewa "pole" moja kavu na kuanza kuulizwa maswali ya mirathi.

Mgeni wa safari ana utaratibu wake. Mpokee mzigo, mwambie "karibu, pole na safari", mkalishe, mpe maji. Habari za huko alikotoka zingoje glasi ishuke mezani.

Ukimkuta mtu kazini, iwe ni fundi juu ya paa, mama anayefagia barabara au karani dirishani, anza na "pole na kazi". Ukiondoka, mwachie "kazi njema". Mfanyabiashara mwambie "biashara njema", hata kama hukununua, na hasa kama hukununua. Nesi wa usiku ana "pole na zamu". Aliye shambani ana "pole na shamba". Kwa aliyefunga Ramadhani watu wengi husema "pole na swaumu", lakini wapo wasioipenda, kwa hoja kwamba ibada si mzigo wa kupewa pole. Ukiwa huna hakika, sema "swaumu njema" na hutakosea.

Kwenye ugonjwa kuna vitenzi vitatu ambavyo watu huvichanganya, na ukivitenganisha utamfikia mtu ambaye kwa kawaida anasahaulika. Mgonjwa anaugua. Ndugu au jamaa wa mgonjwa ameuguliwa. Anayemlisha, anayemgeuza kitandani na kulala kwenye mkeka pembeni yake, huyo anauguza. Wodini kila anayeingia humwendea mgonjwa na "ugua pole", kisha hutoka. Dada au mke aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, siku ya sita sasa, hutikisiwa kichwa tu. Mgeukie yeye: "Pole kwa kuuguza. Umekula leo?" Kisha, kama unaweza, "Nenda kaoge na ulale kidogo, nipo hapa mpaka saa kumi." Taja saa. "Nitakaa kidogo" haimtoi mtu wodini. Hataweza kupata usingizi akihesabu dakika asizozijua.

Jibu la pole ni "asante", na Tanzania utasikia sana "nimeshapoa" au "tumeshapoa". Kama bado hujapoa, hulazimiki kusema umepoa. "Asante" inatosha, na aliyekupa pole naye asimdai mtu apoe.

Tahadhari moja kuhusu mipaka. Tanzania, pole haibebi kosa. Ukimkanyaga mtu mguu kwenye daladala ukamwambia "pole", atasikia kama unamhurumia kwa msiba ulioletwa na mtu mwingine. Mwambie "samahani, nimekukanyaga", halafu ndipo "pole" ifuate. Nairobi mambo ni tofauti: pole hutumika pia kuomba radhi, na anayeitumia hivyo hakukudharau. Usigombane naye.

"Nzuri" isiyo nzuri

Kwenye salamu zetu jibu la kwanza karibu daima ni jema. Mtu aliyefiwa asubuhi atajibu "nzuri" au "salama" kwanza, ndipo aseme "ila tumepata msiba". Kwa hiyo anayetaka kumjulia mtu hali kwa dhati hawezi kusimama kwenye "nzuri". Asikilize kinachofuata, na hasa asikilize vineno vidogo.

"Nipo tu." "Tunasukuma siku." "Hivyo hivyo." Kila moja inaweza kuwa mzaha au inaweza kuwa mlango uliofunguliwa kidogo. Ukilisikia "tu" hilo limetamkwa taratibu, usijibu "poa poa". Rudisha neno lake mwenyewe: "Mbona nipo tu? Kuna nini?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Huuliza "kuna nini" na papo hapo hujijibia, "au ndio haya maisha yalivyopanda?" Mtu akishapewa jibu la maisha kupanda atalikubali, ataondoka nalo, na lile lililokuwa linamkaa kooni litabaki palepale.

Kama umeshamjua mtu na nyumba yake, acha "habari" ya jumla, uliza chenye jina. Badala ya "habari za nyumbani" sema "mguu wa bibi unaendeleaje?" au "yule wa darasa la saba matokeo yalitoka?" Asubuhi kuna "umeamkaje", jioni "umeshindaje". Maswali haya yanaomba jibu refu kidogo kuliko "mambo vipi", na ndiyo faida yake. Pwani utakuta "u mzima?" na "u hali gani?", nayo yanafanya kazi ileile.

Kisha simu. Simu kutoka kwa ndugu asiyepiga mara kwa mara ina maana moja katika nyumba nyingi: shida. Mpokeaji huanza kupiga hesabu ya akiba kabla hujamaliza "haloo". Mpe nafuu katika sentensi ya kwanza: "Hakuna shida yoyote, nimekukumbuka tu, nikasema nikujulie hali." Dakika tatu zinatosha. Kinachoharibu simu ya aina hii ni kuifunga kwa "sasa nilikuwa na kajambo kadogo..." Ukifanya hivyo mara mbili, ya tatu haitapokelewa kwa furaha hata kama kweli umekumbuka tu. Ukiwa na ombi, piga simu ya ombi, useme hivyo tangu mwanzo. Ya kujulia hali ibaki safi.

Asante kwa kufanya nini?

Hapa sarufi inasaidia. Asante, halafu "kwa", halafu kitenzi, na ikiwezekana matokeo: "Asante kwa kunisubiri, ningeikosa gari." "Asante kwa kunikumbusha, nilikuwa nimesahau kabisa." Kipande cha mwisho ndicho kinachoonyesha kwamba msaada ulitua mahali.

Wanaostahili na hawapati ni wale wanaolipwa. Tunadhani nauli ni shukrani. Dereva wa bodaboda ukimpa pesa yake na kuongeza "asante kwa kuendesha taratibu", umelipa vitu viwili: umemshukuru, na umemwambia ni mwendo gani abiria wanaupenda. Anayekimbia husikia tu "wahi, wahi". Dada wa kazi hali kadhalika. Katika nyumba nyingi chakula kikiwa na chumvi nyingi atasikia siku hiyohiyo, kikiwa kitamu ni kimya. Sema kitu mahususi: "Leo maharage yamekolea nazi, asante dada." "Chakula kizuri" ikirudiwa kila siku huwa kama kengele ya shule, haina anayeisikiliza. Na wenzi wa ndoa wasijione wamesamehewa sheria hii kwa kuwa wamezoeana.

Kwa kundi sema "asanteni". Kosa dogo la kumwambia "asante" umati wa watu ishirini waliokuja kukusaidia kuhama huwaacha kumi na tisa nje. Kongo ya mashariki utasikia "aksanti", na ukiitikia vilevile utapata tabasamu. Jibu la kawaida ni "karibu", "usijali" au "hakuna shida".

Aliyekutolea kitu, iwe fedha, muda au kiti chake, unaweza kumwombea: "Mungu akuongezee pale ulipotoa." Ni dua nzuri na watu wanaipenda. Isitumike tu mahali pa deni. Mtu anayekudai elfu ishirini hahitaji kuambiwa "Mungu atakulipa". Anakudai wewe.

Kuomba, na kumwita mtu

"Tafadhali" ni neno zuri la kwenye matangazo. Katika mazungumzo ya kila siku Tanzania kazi hiyo hufanywa na "naomba": naomba chai, naomba nipite, naomba unipishe kidogo. "Nataka chai" si tusi, lakini masikioni mwa muuzaji inasikika kama amri. Kenya "nipe chai" na "niletee chai" husemwa bila ubaya wowote, na "nisaidie" hutumika mahali ambapo Mtanzania angesema naomba. Mgeni kutoka upande mmoja asiuhukumu upande mwingine kwa kipimo cha kwao.

Lililo gumu zaidi ni salamu kabla ya ombi. Ukimfuata mtu kituoni na "Mwenge ni magari gani?" utajibiwa, lakini kwa shingo. Ongeza sekunde nne: "Habari za asubuhi, mama? Samahani, magari ya Mwenge yanasimama wapi?" Mara nyingi hatakuonyesha tu, atakwambia pia usipande lile linalozunguka.

Sasa, umwite nani mama na nani dada? Hakuna jedwali, kuna busara. Mkubwa wa makamo ya mzazi wako ni mama au baba. Rika lako ni dada au kaka. Mdogo ni "mdogo wangu", na mtoto ni "mwanangu" kama umri unaruhusu. "Mzee" huinua, ila mwanamume wa miaka arobaini na mbili aliyenyoa vizuri anaweza kuisikia vibaya, mpe "kaka". Kazi pia ni jina la heshima: fundi, mwalimu, dokta, dereva. Ukijua anaitwa Mama Asha, mwite Mama Asha. Anayekuhudumia asiitwe "wewe", wala kwa kupigiwa mluzi, wala kwa "pssst".

Shikamoo ikikutatiza, itoe. Aliyepewa asiyostahili atacheka na kusema "mimi bado kijana". Aliyenyimwa aliyostahili hacheki, na atalikumbuka. Hii ni kwa Tanzania na Pwani ya Kenya. Bara huko Kenya wengi hawaitumii, na "habari yako mzee" ikisemwa kwa sauti ya heshima imekamilika.

Na wakubwa nao wana deni ambalo halitajwi. Mtoto anasimama, anaweka begi chini, anasema "shikamoo", anajibiwa "marahaba" na mtu aliyeshapita. Marahaba ni nusu tu. Endeleza: "Marahaba, hujambo mwanangu? Leo mmesoma nini?" Subiri ajibu. Si lazima jibu liwe la maana. Mara nyingi ni "hesabu" na kukimbia.

Hongera bila mkia

Hongera huharibiwa na mkia wake. "Hongera kwa kazi mpya, sasa tutakula lini?" "Hongera kwa kuhitimu, bado mume." "Hongera kwa mtoto, wa pili lini?" Kila mkia unachukua furaha iliyopo na kuigeuza kuwa bili. Ukate. Mahali pake weka ulichokiona: "Hongera kwa kumaliza. Nilikuwa naona taa yako inawaka mpaka usiku." Sifa inayotaja jasho hukaa kuliko inayotaja bahati.

Mama aliyejifungua hupewa vyote viwili, hongera na pole, kwa sababu ameyapata yote mawili. Sema "amejifungua". Kumsema mtu "kazaa" mbele yake si adabu kwa watu wengi. Uliza hali ya mama kwanza, ndipo mtoto. Wageni wengi hupita moja kwa moja kwenye kitanda cha mtoto na mama hubaki kama aliyeazimwa kumleta. Pwani, na kwa Waislamu kokote, ukimsifia mtoto anza na "mashaallah". "Mtoto mnono huyu!" bila neno hilo huwafanya wenyeji wajikunyate, wakihofia kijicho. Na jinsia isiwekewe "tu". "Wa kike tu?" ni swali ambalo akina mama hulikumbuka kwa miaka.

Ya mavazi na sura ni mafupi. "Umependeza" ni salama, na ukitaja kitu ni bora: "Kitenge hicho kimekukaa." "Umenenepa" zamani ilikuwa sifa ya afya njema, na kwa baadhi ya wazee bado ni sifa. Kwa wengine ni jeraha. Siku hizi ni kamari, iache. "Umekonda" iache zaidi, maana hujui anachougua.

Msibani

Hapa ndipo watu hutafuta maneno mengi na ndipo machache hufaa zaidi.

Ukifika nyumba yenye msiba, salimia waliokaa kwa "poleni", kwa wingi, kwa sababu waliofiwa ni wengi. Pwani kuna neno "makiwa", ambalo halina kazi nyingine ila hii. Kisha mwendee mfiwa. Shika mkono au kaa karibu. Sema:

1. Pole, na uhusiano: "Pole sana kwa kufiwa na baba."
2. Jina la marehemu au cheo alichoitwa nyumbani. Usiseme "marehemu" kila mara kama msoma ratiba.
3. Kama ulimjua, kitu kimoja alichokifanya: "Mzee alinifundisha kupanda mikarafuu." Sentensi moja, si hotuba.
4. Msaada wenye saa na kipimo: "Kesho saa mbili nawachukua watoto, nitawarudisha jioni." Au "naleta katoni nne za maji na kilo tano za sukari."

Hatua ya nne ndiyo inayobadilishwa mara nyingi na "ukihitaji chochote niambie". Nia ni njema, lakini umemwachia mfiwa kazi ya kufikiria anahitaji nini, kumpima nani ana uwezo, na kuomba. Hataomba. Rambirambi ya fedha mpe anayeandika daftari, si mfiwa mkononi mbele za watu, isipokuwa desturi ya hapo ni hiyo.

Maneno ya dini yafuate dini ya nyumba, si yako. Kwa Waislamu, "innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun" na "Mungu awape subira". Kwa Wakristo, "Bwana ametoa, Bwana ametwaa", na kwa Wakatoliki "raha ya milele umpe ee Bwana". Usipoijua dini yao, "Mungu awatie nguvu" inapita kila mlango.

"Amefariki", "ametutoka", "ametangulia": haya ndiyo maneno. "Amekufa" iache kwa mifugo na vyombo, hata kama kamusi haikuzuii.

Yapo maneno yanayosemwa sana misibani ambayo tungependa yapumzike. "Kazi ya Mungu haina makosa" yaweza kumfaa mtu aliyezika babu wa miaka tisini. Kwa aliyezika mtoto ni jiwe. Aliyepoteza ujauzito asiambiwe "utapata mwingine"; huyo wa kwanza hakuwa tiketi. Mwambie "pole sana, nipo nawe", basi. "Jikaze, wewe mwanaume" humfanya mtu aende kulia chooni. Na "angalau hakuteseka" aseme mfiwa mwenyewe, wewe itikia tu.

Kwenye makundi ya simu pana kosa lake. Mtu wa kwanza akiandika "poleni sana, Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi", themanini hunakili na kubandika. Mfiwa husoma jumbe themanini zenye alama zilezile za mikono. Imewahi kubandikwa hata yenye jina la marehemu wa wiki iliyopita. Kama ni ndugu au rafiki wa karibu, mtumie peke yake, andika jina la aliyefariki kwa mkono wako, na uongeze "usihangaike kunijibu". Maneno mawili hayo humtua mzigo mkubwa.

Matanga yakishaanuliwa na viti vya kukodi vikirudishwa, simu hunyamaza. Weka alama kwenye kalenda: wiki ya tatu, arobaini, siku yake ya kuzaliwa, Idi au Krismasi ya kwanza bila yeye. Piga na kusema "leo nimemkumbuka mzee". Watu huogopa kwamba watamkumbusha mfiwa. Hakusahau.

Samahani iliyonyooka

Kuomba radhi kuna sehemu tatu na hakuna ya kuruka: taja kosa, omba, sema utarekebishaje. "Nilichelewa na nikakuacha umesimama juani. Naomba unisamehe. Kesho nitatoka saa moja." Pwani utasikia "niwie radhi" au "kumradhi", zenye upole zaidi kidogo.

Inayoiharibu ni "kama". "Samahani kama nilikukwaza" inaliweka kosa kwenye mizani upya na kumtaka aliyeumia athibitishe. Inayofuata kwa ubaya ni "samahani, lakini". Na ipo ile ya mwisho wa mwaka au kabla ya Ramadhani: "Kama kuna niliyemkosea kwa kujua au kutokujua, anisamehe", imetumwa kwa watu mia tatu. Haina ubaya kama salamu ya msimu. Ila kama unamjua uliyemkosea, na unajua ulichokifanya, huyo mmoja hastahili kuwekwa kwenye mia tatu.

Anayesamehe ana maneno mazuri pia: "yameisha", "tuyaache", "nimeshakusamehe". Asiyekuwa tayari aseme "nimekusikia, nipe muda". Hilo nalo ni neno la wema. Ni bora kuliko "hakuna shida" iliyotoka kwenye meno.

Wazazi huomba watoto radhi mara chache sana. Ukimchapa au kumfokea asiye na kosa, kaa chini macho yenu yalingane: "Nilikufokea, na haikuwa wewe. Nisamehe." Heshima haitapungua. Usimalizie na "lakini nawe siku nyingine..."

Kuagana

Kwanza sarufi, maana hata matangazo hukosea. Ni siku njema, kazi njema, safari njema, jioni njema, Idi njema. Lakini ni usiku mwema, mchana mwema, mfungo mwema. Na ni masomo mema, mapumziko mema, maandalizi mema. "Usiku njema" inaeleweka, ila inakwaruza.

Usiku una "lala salama" na "ulale unono". Pwani, anayeaga husema "alamsiki" na hujibiwa "binuru". Vijana wengi wanaijua ya kwanza na kukwama kwenye ya pili, basi ndiyo hiyo.

Anayesafiri mwambie "ukifika nijulishe", na akikujulisha, jibu. Ujumbe wa "nimefika salama" uliosomwa ukaachwa humfanya asijisumbue tena.

Mtu akikwambia "wasalimie nyumbani", jibu ni "zimefika". Halafu ukiingia ndani, kabla hujavua viatu, zifikishe kweli, kwa jina la aliyezituma.